Ram Mohan, Bhimsain au Gitanjali Rao: Uanze na Nani Ukitaka Kuujua Uhuishaji wa India?

Msomaji aliyekulia Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akitazama picha za Kihindi anaweza kutaja waigizaji kumi wa Bombay papo hapo, lakini mwombe amtaje mchoraji mmoja wa katuni wa mji huo huo na huenda akabaki kimya. Hata nchini India kwenyewe, uhuishaji umekaa muda mrefu kivulini mwa sinema ya waigizaji, na wale walioutumikia maisha yao yote wamejulikana zaidi na wenzao wa kazi kuliko na watazamaji. Kwa hiyo anayetaka kuufahamu, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu anayetafuta filamu fupi ya kuonyesha darasani, au kijana anayechora na kutaka mfano wa kufuata, hukwama mlangoni asijue aanze na maisha ya nani.

Hapa ninawaweka sambamba watu watatu: Ram Mohan (1931–2019), Bhimsain (1936–2018) na Gitanjali Rao, aliyezaliwa mwaka 1972. Nimewachagua kwa sababu maisha yao yameshikana. Wa kwanza alimwongoza wa pili alipokuwa akijifunza kazi, na wa tatu aliwahi kuajiriwa katika studio ya wa kwanza. Wote watatu walifanyia kazi Bombay, mji ambao tangu 1995 unaitwa rasmi Mumbai. Ishu Patel, mhuishaji mwingine mzaliwa wa India, nimemwacha kwa makusudi, ingawa filamu zake Bead Game ya 1977 na Paradise ya 1984 ziliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, kwa kuwa alijijenga Kanada chini ya Bodi ya Taifa ya Filamu ya nchi hiyo. Kumpima mtu aliyekuwa na taasisi ya namna hiyo nyuma yake pamoja na waliobaki Bombay kusingekuwa haki kwa upande wowote.

Vigezo vinne

Nimewapima kwa maswali manne yaleyale. Ufundi waliupatia wapi? Nani alilipia kazi yao? Kazi yenyewe ina sura gani? Na mwishowe iliwafikia akina nani?

Swali la pili nimelipa uzito kuliko mengine, na ni vyema nieleze sababu. Sekunde moja ya filamu hupita na picha 24. Mchoraji anayebana matumizi huweza kuirudia kila picha mara mbili, akabaki na michoro 12 kwa sekunde, lakini hata hivyo filamu ya dakika 15 itamdai michoro 10,800, na kila mmoja unahitaji mkono wa mtu, muda wa mtu na mlo wa mtu. Mshairi anaweza kuandika usiku baada ya kazi za mchana, lakini mhuishaji hawezi kwenda mbali kwa mwendo huo. Ndiyo maana katika ufundi huu anayelipa huacha alama yake ndani ya kazi, na ukitaka kujua kwa nini kazi za watu hawa watatu hazifanani, swali la kwanza la kuuliza ni fedha ilitoka mfuko gani. Sidai kwamba kipaji hakina nafasi. Ninachosema ni kwamba watatu hawa wote walikuwa nacho, na bado walifika sehemu tofauti.

Ufundi waliupatia wapi

Ram Mohan alikuwa msomi wa kemia. Mwaka 1956 aliingia katika kitengo cha katuni cha Films Division, idara ya filamu ya serikali ya India iliyoanzishwa mwaka 1948, wakati kitengo hicho kikiwa bado kichanga. Mwalimu wake alikuwa Clair Weeks, mhuishaji wa Disney aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari, ambaye alikuwa ameshiriki katika filamu kama Bambi na Peter Pan kabla ya kutumwa Bombay chini ya mpango wa msaada wa kiufundi wa Marekani. Kutokana na mafunzo hayo ilitoka The Banyan Deer ya 1957, filamu iliyochukua hadithi ya Jataka, yaani visa vya kale vya Kibuddha, na kuisimulia kwa kanuni za Disney. Mchanganyiko huo, hadithi ya nyumbani kwa mkono uliofunzwa na mgeni, ulimfuata Ram Mohan hadi uzeeni.

Bhimsain alizaliwa Multan, mji ambao baada ya mgawanyo wa 1947 uliangukia Pakistan, na familia yake ikahamia Lucknow. Huko alisomea sanaa na muziki wa jadi, jambo ambalo msomaji alitunze akilini, kwa maana filamu zake fupi zina mwendo wa mtu anayesikiliza kabla ya kuchora. Alijiunga na Films Division mwaka 1961 akiwa mchoraji wa mandhari za nyuma, ile kazi ya kimya ya kuchora ukuta, mti na anga ambamo wahusika wa wenzako watakuja kutembea, na uhuishaji wenyewe akajifunza kwa Ram Mohan.

Gitanjali Rao alihitimu mwaka 1994 katika Taasisi ya Sanaa Tumizi ya Sir J. J., Mumbai, na uhuishaji haukuwa fani aliyosomea. Alijifundisha kwa kufanya, akipitia studio ya Ram Mohan, huku upande wa pili akiigiza jukwaani. Uigizaji huo haukuwa wa kupitisha muda: mwaka 2018 watazamaji wengi walimwona katika filamu ya October akicheza nafasi ya mama ambaye binti yake amelala hospitalini bila fahamu. Anayetazama jinsi wahusika wake wa kuchorwa wanavyoinamisha shingo au kusita kabla ya kugeuka atatambua kwamba mchoraji huyu anajua kuigiza.

Nani alilipa

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Ram Mohan aliondoka serikalini mwishoni mwa miaka ya 1960, akaongoza idara ya uhuishaji ya Prasad Productions, kisha mwaka 1972 akafungua kampuni yake, Ram Mohan Biographics. Tangu hapo mlipaji wake alikuwa mteja: mwenye bidhaa anayetaka tangazo, mwongozaji wa filamu anayetaka kipande cha vibonzo, shirika la kimataifa linalotaka ujumbe ufike vijijini. Mpenzi wa picha za zamani huenda ameshaiona kazi yake bila kujua, kwa sababu alichora vibonzo vilivyotumika katika Bhuvan Shome ya Mrinal Sen ya 1969, katika Shatranj Ke Khilari ya Satyajit Ray ya 1977, na mwanzoni mwa Do Aur Do Paanch ya 1980. Yapo maoni kwamba kazi ya mteja humfifisha msanii. Kwa Ram Mohan ushahidi una pande mbili. Upande mmoja, orodha ya filamu ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyezibuni na kuzidhibiti mwanzo hadi mwisho ni fupi kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka 50. Upande wa pili, mteja ndiye aliyeiweka studio wazi, na studio iliyo wazi huajiri vijana, na vijana hao hujifunza. Bila matangazo yale ya kibiashara, kizazi kilichofuata kingejifunzia wapi?

Kazi yake kubwa kuliko zote ilitokana na mteja wa ajabu kidogo. Yugo Sako, mtayarishaji filamu kutoka Japani, alifika India miaka ya 1980 kupiga filamu ya habari kuhusu uchimbaji wa mambo ya kale unaohusishwa na utenzi wa Ramayana, akauhusudu utenzi wenyewe na kuamua kuugeuza filamu ya uhuishaji. Wazo la Mjapani kumchora Rama, shujaa wa utenzi huo ambaye Wahindu humwabudu, lilizua malalamiko, na serikali ya India ikajitenga nalo, hivyo filamu ikafanyiwa Japani, na Ram Mohan akiwa miongoni mwa waongozaji wake pamoja na Sako na Koichi Sasaki. Ramayana: The Legend of Prince Rama ilikamilika mwaka 1992.

Bhimsain alichanganya mifuko. Alianza kwa kujilipia: filamu yake ya kwanza ya kujitegemea, The Climb ya 1970, ilipata tuzo ya Silver Hugo katika Tamasha la Filamu la Chicago, na kampuni aliyoifungua baadaye akaipa jina la filamu hiyo, Climb Films. Kisha alirudi kuifanyia serikali kazi kama mtu wa nje, na katika miaka ya 1970 alifanya jambo ambalo wahuishaji wachache hulithubutu: aliingia katika sinema ya waigizaji akiwa mtayarishaji na mwongozaji. Gharaonda ya 1977 inahusu vijana wawili wa ofisini, mvulana na msichana, wanaotafuta chumba cha kuanzia maisha Bombay. Mjenzi wa nyumba anawatapeli akiba yao, na mvulana, kwa kukata tamaa, anamshauri mpenzi wake aolewe na bosi wao mgonjwa ili warithi mali. Amol Palekar, Zarina Wahab na Shreeram Lagoo waliigiza, Jaidev alitunga muziki, na wimbo wa Do Deewane Shahar Mein ulimpatia Gulzar tuzo ya Filmfare ya mashairi. Ilifuata Dooriyaan ya 1979. Msomaji anaweza kuuliza filamu hizo zinahusiana vipi na uhuishaji. Jibu langu ni kwamba zinaonyesha udogo wa mlango aliokuwa nao mhuishaji wa wakati ule: aliyetaka kusimulia hadithi ndefu ya watu wazima ilimlazimu aweke penseli chini na kushika kamera.

Gitanjali Rao alilipa mwenyewe kadiri alivyoweza. Printed Rainbow, filamu ya dakika 15, aliichora peke yake kwa muda wa miaka mitatu. Ilipoonyeshwa Cannes mwaka 2006 katika Wiki ya Wahakiki ilitoka na tuzo tatu. Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi huo watayarishaji walipanga foleni mlangoni. Haikuwa hivyo, na filamu yake ndefu ya kwanza, Bombay Rose, haikutoka hadi 2019, miaka 13 baadaye. Katikati alitengeneza filamu fupi, ikiwemo TrueLoveStory ya 2014 ambayo ndiyo mbegu ya ile ndefu. Fedha zilipopatikana, wachoraji wapatao 60 walifanya kazi miezi 18 chini ya uongozi wake, wakipaka rangi picha moja baada ya nyingine.

Sura ya kazi

Kwa Ram Mohan usitafute mkono mmoja utakaoutambua popote. Alikuwa fundi wa kuvaa mtindo unaodaiwa na kazi, na hilo ni sifa kwa wengine na kasoro kwa wengine. Katika Ramayana macho ya wahusika na mwendo wa vita ni vya Kijapani, ila mavazi, kukaa na kusalimiana ni vya Kihindi, na hapo ndipo uangalizi wa upande wake ulipohitajika. Filamu zake fupi You Said It ya 1972 na Fire Games ya 1983 zilipata Tuzo ya Taifa ya Filamu.

Bhimsain alichora kidogo na kusema mengi. Mfano ulio wazi ni Ek Anek Aur Ekta ya 1974, iliyoongozwa na Vijaya Mulay na kuhuishwa naye, yenye urefu wa dakika saba hivi. Watoto wanamuuliza dada yao mkubwa maana ya neno “anek”, yaani wengi, naye anawapa kisa cha ndege walionaswa wavuni: mmoja hawezi kitu, lakini wote wakiruka kwa pamoja wavu unapaa nao hadi kwa rafiki zao panya, ambao wanautafuna. Michoro ni myepesi, mistari michache na rangi bapa, na wimbo wa Vasant Desai ndio unaoisukuma picha mbele. Mtoto aliyeuimba, Sadhana Sargam, alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri wa sinema ya Kihindi.

Kuhusu Gitanjali Rao nitasema mengi kidogo, kwa kuwa ndiye ambaye mkono wake hauwezi kutenganishwa na hadithi. Katika Printed Rainbow bibi kizee anaishi na paka wake katika chumba cha mjini chenye rangi ya majivu, na faraja yake ni mkusanyo wa vibiriti. Kila akitazama picha ya kwenye kiberiti huingia ndani yake, na huko rangi hulipuka. Hakuna anayemwambia mtazamaji kwamba upweke ni kijivu, rangi yenyewe inasema. Bombay Rose inaendeleza njia hiyo kwa upana zaidi. Kamala, msichana muuza maua, anapoota, picha hugeuka kuwa kama michoro midogo ya zama za Wamughal. Mwalimu mzee aliyekuwa mwigizaji anapotembea barabarani, Bombay ya leo hufutika taratibu na ya zamani hujitokeza kwa rangi nyeusi na nyeupe. Salim, kijana Mwislamu aliyeponea vurugu za Kashmir, anamtazama Kamala, Mhindu, kutoka ng’ambo ya barabara, na magari yanayopita katikati yao yanatosha kueleza umbali uliopo. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba hadithi ndogo ndogo zimekuwa nyingi na mwendo unalegea kabla ya mwisho. Anayependa kisa kilichofungwa vizuri atachoka.

Kazi ziliwafikia akina nani

Kwa idadi ya watazamaji wa kawaida, Gitanjali Rao anawafuata wenzake kwa mbali. Bombay Rose ilifungua Wiki ya Wahakiki ya Venice mwaka 2019 na kuingia Netflix mwaka 2021, lakini hadhira yake kubwa imekuwa ya matamasha.

Ek Anek Aur Ekta ilirushwa na Doordarshan, shirika la utangazaji la serikali, wakati televisheni nchini India ilikuwa ya serikali peke yake, na watoto hawakuwa na chaneli nyingine ya kukimbilia. Kizazi kizima kinaweza kuuimba wimbo wake hadi leo, ingawa wengi hawawezi kutaja jina la aliyewachora wale ndege. Hiyo ndiyo bei ya kuchora kwa jina la serikali.

Ram Mohan ana jambo la pekee linalotugusa sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 UNICEF ilimwita kumbuni Meena, msichana wa kijijini wa Asia Kusini anayedai haki ya kusoma sawa na kaka yake Raju. Ilibidi Bangladesh, India, Nepal na Pakistan zote zimwone kuwa mtoto wa kwao, kwa hiyo sura, nguo na nyumba vilichaguliwa baada ya kuwauliza watu wa nchi hizo. Katika kisa kimoja Meena anamtuma kasuku wake Mithu shuleni akamsikilizie somo, naye kwa hesabu aliyoipata kwa mlango wa nyuma anagundua kuku mmoja hayupo, na mwizi anakamatwa. Mfano wa Meena ndio uliofuatwa na UNICEF ilipobuni Sara kwa ajili ya mashariki na kusini mwa Afrika, yule msichana mwenye tumbili wake Zingo ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua kwenye vijitabu vya picha. Aliyesoma Sara akiwa mtoto amekwisha kukutana na matunda ya penseli ya Bombay.

Kumchagua kulingana na haja yako

Ukiwa unaendesha studio, au unafikiria kufungua moja, maisha ya Ram Mohan yatakufaa kuliko ya wengine wawili. Yanaonyesha jinsi ya kuishi kwa kazi za wateja, lini kushirikiana na wageni na namna ya kurithisha ufundi: mwaka 2006 alianzisha shule ya uhuishaji, Graphiti, na mwaka 2014 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Shri. Atawafaa pia wanaofanya filamu za afya na elimu, maana Meena ni darasa la jinsi ujumbe unavyoweza kubebwa na kisa bila kukiua. Usimwanzie yeye iwapo unatafuta sauti ya msanii mmoja.

Mwalimu wa shule ya msingi amchukue Bhimsain bila kusita. Filamu ya dakika saba inaacha muda wa mazungumzo katika kipindi cha dakika 40, na kisa cha ndege na wavu hakihitaji tafsiri ndefu. Mwanafunzi wa historia ya filamu naye atapata kwake kitu adimu, yaani mtu mmoja aliyevuka kutoka katuni hadi sinema ya waigizaji na kurudi, huku mwanawe Kireet Khurana akishika kazi hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba filamu zake fupi zimetawanyika, na mtafiti asiye na subira atakwama.

Mchoraji anayefanya kazi peke yake chumbani, mwenye hadithi ambayo hakuna mteja aliyemwagiza, amsome Gitanjali Rao, lakini aisome na ile miaka 13 pamoja na tuzo za Cannes. Mwanafunzi wa uchoraji au usanifu wa picha atafaidi zaidi kwake pia, kwa kuwa kila mandhari inaweza kusimamishwa na kuchambuliwa kama mchoro wa ukutani. Kwa darasa la watoto wadogo hafai sana, kwa sababu hadithi zake ni za watu wazima na mwendo wake ni wa taratibu.

Anayeandika tasnifu na kuruhusiwa mtu mmoja tu apime vyanzo vyake kwanza. Gitanjali Rao yu hai, amehojiwa mara nyingi, na filamu yake ndefu inapatikana. Ram Mohan ameacha taasisi na wanafunzi wanaoweza kuulizwa. Anayemchagua Bhimsain atafanya kazi ngumu kuliko wote wawili, na huenda ndiye atakayeandika kitu ambacho hakijaandikwa.

Na mwenye jioni moja tu, asiye na tasnifu wala darasa, aanze na Ek Anek Aur Ekta, kisha Bombay Rose usiku huo huo. Ramayana aiweke hadi siku ya mapumziko, kwani toleo lake kamili linapita saa mbili, na watoto wa nyumbani watataka kukaa naye hadi mwisho.